Betri za Ukubwa wa Dengu

Koplo Adérito ameegesha gari nyuma ya kanisa,
si mbele ya nyumba.
Hilo nililipigania mimi, wiki mbili nzima:
kijiji kina watu kumi na wanane
na kila pazia lina jicho.
Yeye alitaka king'ora. La, namsingizia;
alitaka hati, na mlango ufunguliwe kwa jina la sheria.
Mimi nilitaka kahawa mezani, na muda.

Tukapanda kwa miguu, mimi na faili langu,
yeye na pingu zikigongana kiunoni.
Milima ya Trás-os-Montes ilikuwa nyeupe kwa sakitu.
Mizeituni ilikwisha chumwa. Ya Felismina pia,
ikachumwa, ikapimwa, ikauzwa,
na fedha zikapitia mlango wa nyuma.

Mpwa wake alitupokea kwa tabasamu lililopigwa pasi.
"Shangazi hasikii. Niulizeni mimi."
Benki ilimwuliza yeye. Daktari alimwuliza yeye.
Posta, miezi kumi na minne,
ilimhesabia yeye pensheni, noti juu ya noti.

Hapo koplo akafanya jambo lisilomo katika mwongozo wowote.
Akakohoa. Akauliza habari za trekta.
Lile la kijani, bandani, lina bima?
Hebu twende tukalitazame.
Akamshika bega kama mtu anayenunua ng'ombe,
wakatoka.

Nikabaki na bibi na saa ya ukutani.
Nikagusa sikio langu. Akaelewa.
Akakitoa chake, kile kifaa cha rangi ya ngozi,
akaniwekea kiganjani, kingali na joto.
Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani hamna betri.
Si betri mbovu: hamna.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga;
hawakusema hupanda hadi sikioni,
huchomoa vidude viwili vya ukubwa wa dengu
na kuvitia mfukoni pamoja na chenji.

Mkobani mwangu hazikosi.
Koplo hunitania kwa hilo. Lakini yeye
ana risasi ambazo hajafyatua hata moja
tangu aajiriwe; mimi mwaka huu
nimeishiwa betri mara tatu.

Nikaziweka. Nikafunga.
Felismina akashtuka kama aliyemwagiwa maji.
Sauti yangu haikuwa ya kwanza kumfikia.
Ilikuwa friji.
"Kumbe bado inanguruma," akasema,
"nilidhani imekufa. Haina kitu ndani."
Kisha, kutoka bandani, kicheko cha mpwa.
Alikisikiliza mpaka kikaisha.
"Alikuwa akicheka hivyo hivyo akiwa na miaka sita.
Kucha zake nilizikata mimi."

Nikauliza. Akajibu kwa vipande,
kama atoaye mwiba: ufunguo wa chumba, upande wa nje.
Supu, siku anapokumbuka. Karatasi ya kutia sahihi,
mkono wake ukiongozwa.
Halafu akaniangalia usoni:
"Asifungwe. Nani atanipasulia kuni?"

Garini tuligombana tena, koplo na mimi,
yeye akiandika *wizi*, mimi nikiandika *kuni*,
kipasha joto kibovu, vioo vimejaa mvuke.
Alisema huruma yangu itamzika yule mama.
Nilisema sheria yake itamgandisha kwanza.
Mbwa wa mtu akapita, akatutazama, akaenda zake.
Kisha, bila kuniangalia:
"Ufunguo, ulisema upande gani?"
Akaandika. Nikampa ukurasa wangu, akanipa wake.
Mwandiko wake ni mbaya kuliko nilivyofikiri.

Akaunti imefungwa tangu Jumanne.
Mpwa yuko mjini, anahojiwa.
Jibu la kuni bado hatunalo.
Betri hizi hudumu siku saba. Leo ni ya sita,
na koplo ameegesha nyuma ya kanisa
bila kuambiwa.